Lou Gehrig na pongezi iliyomuuma

Aprili 30, 1939, katika uwanja wa Yankees jijini New York, mechi ya besiboli dhidi ya Washington ilikuwa inaelekea ukingoni. Mpigaji aliubamiza mpira ukaviringika chini, na mrushaji wa Yankees, Johnny Murphy, akauokota bila shida. Kilichobaki kilikuwa kumrushia mwenzake anayelinda kituo cha kwanza, pale mpigaji anapokimbilia. Murphy akasubiri. Mwenzake, Lou Gehrig, alikuwa bado hajafika. Alikuwa anajikokota kukifuata kituo kama mtu anayevuka tope la magotini. Alifika kwa tabu, akaudaka mpira, mpigaji akatolewa.

Ni tukio ambalo kijana wa sekondari angelimaliza akiwa anawaza mambo mengine. Lakini wenzake walimjia mmoja baada ya mwingine, Murphy, Joe Gordon, Bill Dickey, wakampigapiga begani. Umecheza vizuri, Lou.

Gehrig alisimulia baadaye kwamba pale ndipo alipojua. Wenzake walikuwa na nia njema, na ndiyo maana maneno yao yalimuuma kuliko matusi. Mtu aliyekuwa nguzo ya timu bora ya besiboli duniani alikuwa anasifiwa kwa kudaka mpira wa kitoto.

Maisha ya Gehrig yameandikwa sana nchini Marekani, na karibu kila anayeyaandika hukimbilia hotuba yake ya kuaga ya Julai 4, 1939. Mimi nadhani ufunguo uko pale, kwenye pongezi ile ya Aprili. Kwa miaka miwili iliyofuata, watu waliompenda walimzunguka kwa maneno laini, na maneno hayo yakamgharimu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukubali ukweli wa mwili wake, kabla daktari hajamgusa.

Ili kuelewa uamuzi wake ulikuwa mzito kiasi gani, lazima kwanza tuelewe namba 2,130. Hizo ni mechi alizocheza mfululizo kuanzia Juni 1, 1925 hadi siku hiyo ya pongezi, bila kukosa hata moja. Msomaji aliyezoea soka asidhani ni mechi za kila wikendi. Ligi kuu ya besiboli wakati huo ilikuwa na mechi 154 kwa msimu, karibu kila siku, kuanzia Aprili hadi vuli, na safari za treni katikati. Miaka 14 ya hivyo. Inaelezwa kwamba picha za eksirei zilizopigwa mwishoni mwa maisha yake ya uchezaji zilikuta kwenye mikono yake alama 17 za mifupa iliyowahi kuvunjika ikaunga yenyewe, akiwa anaendelea kucheza.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Wengi hujibu kwa neno moja: uvumilivu. Mimi naona kuna neno jingine la kuongeza, nalo ni kibarua.

Gehrig alizaliwa Manhattan Juni 19, 1903, mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani. Kati ya watoto wanne wa nyumba ile, yeye peke yake ndiye aliyekua. Wengine walikufa wadogo. Baba yake, Heinrich, alikuwa fundi wa chuma ambaye siku za kukaa bila kazi zilikuwa nyingi, kwa maradhi na kwa pombe. Aliyeilisha familia ni mama, Christina, kwa kufua na kupika nyumba za watu. Lou mdogo alimsaidia kukunja nguo na kutumwa madukani. Baadaye mama alipata kazi ya upishi katika nyumba ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, chuo kile kile ambacho mwanawe alikuja kusoma mwaka 1921 kwa sababu ya kipaji chake cha michezo. Mwaka 1923 wazazi wakaugua, hela ikakosekana, na Yankees wakaweka mezani dola 1,500 za kusaini. Kijana akaacha shule akasaini.

Mtoto aliyelelewa namna hiyo anajua kwamba siku usiyofika kazini ni siku isiyo na mlo. Na anajua jambo la pili, kwamba nyuma yako kuna mtu anaingojea nafasi yako. Hilo Gehrig alilishuhudia kwa macho, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa yeye. Juni 2, 1925, siku moja baada ya Gehrig kuingizwa kama mbadala na mfululizo wake kuanza, kocha Miller Huggins alimweka benchi Wally Pipp, aliyekuwa amekilinda kituo cha kwanza cha Yankees kwa miaka kumi, akamwingiza Gehrig. Ngano maarufu inasema Pipp aliumwa kichwa akaomba vidonge viwili vya aspirini. Wanaochimba kumbukumbu za siku ile hawaikubali ngano hiyo: timu ilikuwa inapoteza, na Huggins alibadilisha wachezaji kadhaa kwa mkupuo. Lakini iwe kichwa au matokeo mabaya, Pipp hakuirudia nafasi yake tena. Kabla msimu uliofuata haujaanza alikuwa ameuzwa Cincinnati. Kibarua kilikuwa kimeota nyasi.

Aliyekaa kwenye kiti kilichoachwa hivyo hawezi kukichezea.

Na hakukichezea. Katika kila mara 100 alizosimama kupiga, mara 34 alifanikiwa, kiwango ambacho ni wachache mno waliowahi kukifikia. Alivusha mipira 493 juu ya ukuta. Mwaka 1927 alikuwa mchezaji bora wa ligi yake, msimu ambao Babe Ruth, mwenzake wa timu hiyo hiyo, alivusha 60 na kubeba magazeti yote. Juni 3, 1932 Gehrig alivusha minne katika mechi moja, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya katika ligi kuu tangu karne ianze; siku hiyo hiyo kocha mkongwe John McGraw akatangaza kustaafu, na kurasa za mbele zikawa za McGraw. Gehrig hakulalamika. Alizoea kuwa mtu wa pili kwenye habari na wa kwanza kufika uwanjani.

Hata hivyo, tusiimbe tu sifa za rekodi ile. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 ilikuwa imeanza kumtawala aliyeijenga. Mwishoni mwa Juni 1934 aligongwa kichwani na mpira katika mechi ya kirafiki huko Norfolk, akazimia. Kofia ngumu za kuwalinda wapigaji hazikuwepo. Kesho yake alikuwa uwanjani. Majuma mawili baadaye, mjini Detroit, mgongo ulimbana hadi akashindwa kusimama wima. Siku iliyofuata wakamwandika awe mpigaji wa kwanza wa timu: akapiga mara moja, akatembea hadi kituo cha kwanza, akatolewa akapumzike. Mechi ikahesabiwa. Leo kocha akifanya hivyo tutauliza daktari wa timu alikuwa wapi. Wakati ule walipiga makofi, na nadhani makofi hayo yalimfundisha Gehrig, na yakawafundisha waliokuwa wakimtazama, kwamba maumivu ni kitu cha kurukwa na si ujumbe wa kusomwa.

Kwa hiyo ujumbe wenyewe ulipokuja, mwaka 1938, ulipita bila kusomwa.

Zitazame takwimu za msimu ule. Kwa misimu 12 mfululizo, kuanzia 1926 hadi 1937, wastani wake haukuwahi kushuka chini ya mara 30 kwa 100. Mwaka 1937 ulikuwa 35. Mwaka 1938 ukawa 29 na nusu, mipira iliyovuka ukuta ikapungua kutoka 37 hadi 29. Kwa mchezaji mwingine huo ni msimu wa kujivunia. Yankees walitwaa ubingwa, na katika mechi za fainali Gehrig alipata mapigo manne tu, yote mafupi. Watu walisema ana miaka 35, ndiyo umri huo. Yeye mwenyewe alisema alichoka katikati ya msimu na hakujua kwa nini. Tukitazama nyuma, inaelekea maradhi yalikuwa kazini tayari, na mwili wenye nguvu zile uliyaficha kwa kuwa ulikuwa na akiba kubwa ya kupunguza.

Machi 1939, kwenye kambi ya mazoezi huko Florida, akiba ilikwisha. Joe DiMaggio, mwenzake wa timu, alisimulia baadaye kumwona akiikosa kwa gongo lake mipira 19 mfululizo mazoezini, mipira ambayo Gehrig wa zamani angeipeleka mbali. Alianguka akivaa suruali. Ligi ilipoanza alicheza mechi nane, akapata mapigo manne katika majaribio 28. Kocha Joe McCarthy alimwona, wachezaji walimwona, waandishi walimwona. Hakuna aliyemwambia. McCarthy alikuwa ameamua kwamba mtu wa kumtoa Gehrig ni Gehrig.

Naelewa heshima iliyokuwa ndani ya uamuzi huo. Lakini ulimwacha mgonjwa peke yake na swali lake.

Mei 2, wakiwa hotelini Detroit, Gehrig alimfuata kocha wake akamwambia anajitoa, kwa faida ya timu. Kama nahodha, ni yeye aliyebeba karatasi ya majina kumpelekea refa, na kwa mara ya kwanza tangu 1925 jina lake halikuwemo. Babe Dahlgren aliandikwa mahali pake. Mtangazaji akawaambia mashabiki wa Detroit, wapinzani, na wakasimama kumpigia makofi marefu. Gehrig akainua kofia, akarudi kukaa benchi, machozi yanamtoka. Na jukwaani, kwa bahati tu, alikuwepo Wally Pipp, ambaye siku hizo aliishi katika jimbo hilo la Michigan. Yankees walishinda 22 kwa 2.

Mtu aliyekulia katika hofu ya kukosa siku moja ya kazi alijitoa mwenyewe, bila cheti cha daktari na bila kufukuzwa, kwa kuwa alikataa kuendelea kupokea pongezi za huruma. Ndiyo maana namba ninayoiheshimu kwa Gehrig ni ya 2,131, ile mechi ambayo hakucheza.

Mwezi uliofuata alikwenda hospitali ya Mayo, mjini Rochester, Minnesota. Juni 19, siku aliyotimiza miaka 36, alipewa jibu: ALS. Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot tangu 1869. Unaua seli za neva zinazotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kuiamrisha misuli. Seli zikifa, msuli unabaki mzima lakini hauna wa kuuamrisha, kwa hiyo unasinyaa. Huanza na kidole kinachoshindwa kufunga kifungo, au mguu unaoburuta, halafu mikono, sauti, kumeza, na mwisho pumzi. Mara nyingi akili hubaki timamu, na mgonjwa anashuhudia kila hatua. Wengi huishi kati ya miaka miwili na mitano tangu dalili zianze. Hata leo hakuna tiba. Ilikuwa mwaka 1995 ndipo dawa ya kwanza, riluzole, iliporuhusiwa Marekani, nayo huongeza miezi tu.

Na hapa maneno laini yakarudi, safari hii yakiwa yameandikwa kwenye karatasi ya hospitali. Taarifa iliyotolewa kwa umma ilitaja jina la kitaalamu, kisha ikaongeza kwamba kwa lugha ya kawaida ni aina ya polio sugu. Haikuwa kweli. Polio ni ugonjwa wa virusi na unaambukiza, ALS hauambukizi. Pengine walitafuta neno ambalo watu wangelielewa, pengine walitaka kupunguza makali. Gehrig mwenyewe alimwandikia mkewe, Eleanor, kwamba ameambiwa ana nafasi ya hamsini kwa hamsini ya kubaki alivyo, na kwamba labda atahitaji mkongojo baada ya miaka 10 au 15. Wakati huo huo, kwa maelezo ya Eleanor mwenyewe, madaktari walimwambia yeye ukweli, kwamba mumewe hana muda mrefu, naye akaomba mumewe asielezwe.

Jambo hili kwetu si geni. Ni nyumba ngapi ambazo majibu ya hospitali hupokewa na ndugu, wakakaa kikao, na mgonjwa akaambiwa ni uchovu tu, atapona? Hufanywa kwa mapenzi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini walimsema mgonjwa anayejificha. Hawakusema lolote juu ya mgonjwa anayefichwa. Sithubutu kumhukumu Eleanor, mwanamke aliyekuwa na miaka sita tu ya ndoa. Lakini natazama kilichotokea kwa lile neno polio. Agosti 1940 Yankees, waliokuwa wametwaa ubingwa miaka minne mfululizo, walikuwa wanayumba, na gazeti la New York Daily News likaandika kwamba huenda Gehrig amewaambukiza wenzake. Hebu fikiria: mtu ambaye mikono yake haifanyi kazi tena, anasoma gazetini kwamba amewaharibu rafiki zake kwa kuwa karibu nao. Alifungua kesi ya dola milioni moja. Gazeti likaomba radhi na kulipa fidia, lakini chanzo cha uvumi kilikuwa taarifa ile ya hospitali iliyokusudiwa kumstahi.

Turudi nyuma kwenye Julai 4, 1939, kwa sababu hotuba yenyewe husomeka tofauti ukiijua habari hii. Watu 61,808 walijaa uwanjani, kati ya mechi mbili dhidi ya Washington. Zawadi zilikuwa nyingi, na kila alichokabidhiwa alikiweka chini, kwa kuwa mikono haikuweza kukishika muda mrefu. Namba yake, 4, ikastaafishwa, ya kwanza katika ligi kuu. Aliposema kwamba leo anajiona mtu mwenye bahati kuliko wote juu ya uso wa dunia, wengi walisikia shujaa anayekidharau kifo. Sina hakika. Kwa kadiri alivyoambiwa, alikuwa na miaka 15 na mkongojo mbele yake. Lakini pia alikuwa mtu aliyeusoma mwili wake kabla ya madaktari, na siamini kwamba macho yale yaliyoona maana ya pongezi ya Aprili yalikosa kuona nyuso za watu Julai. Nadhani alijua zaidi ya alichoambiwa, na akawastahi waliokuwa wanamstahi.

Filamu ya hotuba ile imebaki vipande vichache tu, sentensi za kuhesabu kwa vidole. Mengine yanatoka kwenye magazeti ya kesho yake. Kinachonigusa ni orodha ya aliowashukuru: wapinzani wao wa New York Giants, wahudumu wa uwanja, mama mkwe. Na wazazi waliofanya kazi maisha yao yote ili wewe usome na uujenge mwili wako. Mwili uliojengwa kwa ufuaji wa mama ndio uliokuwa unabomoka mbele ya watu elfu sitini na moja, na mama mwenyewe alikuwa hai kuyasikia hayo.

Baada ya hapo alitafuta kazi, kama ilivyotarajiwa kwa mtoto wa Christina. Alikataa kutumia jina lake kwa biashara zenye malipo makubwa, akakubali uteuzi wa Meya Fiorello La Guardia katika bodi ya msamaha wa wafungwa ya jiji, kwa dola 5,700 kwa mwaka. Mwaka 1938 Yankees walikuwa wamemlipa 39,000. Alianza Januari 1940, akipitia mafaili ya vijana waliofungwa, wengi wao wa mitaa kama aliyokulia. Vidole vilipogoma kabisa, Eleanor alimshika mkono na kuuongoza juu ya karatasi ili asaini. Aliendelea hadi karibu mwezi mmoja kabla ya kufa. Alifariki nyumbani, Juni 2, 1941, akiwa na miaka 37, miaka 16 kamili tangu siku Pipp alipokaa benchi.

Wamarekani wengi huuita ugonjwa ule kwa jina lake. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walichunguza wanamichezo waliokuwa na ubongo ulioharibiwa na mapigo ya kichwa, wakakuta baadhi yao walipata maradhi ya misuli yanayofanana sana na ALS. Swali likaibuka mara moja: na Gehrig je, aliyecheza pia futiboli ya Kimarekani na kuzimia Norfolk bila kofia? Binafsi sioni ushahidi wa kutosha wa kumtoa kwenye ugonjwa unaobeba jina lake, lakini swali ni halali. Jibu lingeweza kutafutwa kwenye kumbukumbu za Mayo. Hospitali imezifunga kwa sababu ya faragha ya mgonjwa, na juhudi za kuzifungua kwa sheria katika jimbo la Minnesota zilikwama. Mwili ulichomwa, majivu yakazikwa Valhalla, kaskazini mwa New York. Eleanor alifariki mwaka 1984. Hawakuwa na mtoto, kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kwenda Rochester kuliomba faili la baba.